Wavulana Wanne Wasiokua: Namna Vichekesho vya Runinga Vinavyogeuzwa Filamu ya Ujana

Agosti 2011 kumbi za sinema za Uingereza zilifurika watu waliokwenda kuwatazama wavulana wanne ambao, ukiwapima kwa mizani ya mashujaa wa sinema, hawana lolote. Si watanashati, si werevu kama wanavyojidhani, hawana ujasiri, na mbele ya wasichana ndimi zao hufunga mafundo. The Inbetweeners Movie iligharimu takriban pauni milioni 3.5, fedha ambazo studio kubwa hutumia kwenye mandhari ya tukio moja tu. Hadi mwisho wa wiki yake ya kwanza ilikuwa imekusanya zaidi ya pauni milioni 13, ufunguzi ambao hakuna filamu ya vichekesho iliyokuwa imewahi kuufikia nchini humo. Ilipoondoka ukumbini ilikuwa imevuna karibu pauni milioni 45 kwa tiketi za Uingereza peke yake. Mwaka huo ziliipita filamu mbili tu: ya mwisho ya Harry Potter, na The King's Speech.

Maelezo ya haraka ni kwamba mashabiki walikuwepo tayari, wametengenezwa na runinga. Ni kweli, lakini hayatoshi. Tamthilia nyingi zenye mashabiki lukuki zimepelekwa sinema zikafia huko huko. Na hii ilikuwa na tatizo la ziada, tatizo linaloikabili kila filamu ya ujana inayozaliwa na tamthilia ya vichekesho. Vichekesho vya runinga vinadumu kwa sababu wahusika hawabadiliki. Filamu ya ujana ipo kwa sababu kijana anabadilika. Mambo hayo mawili hayakai chumba kimoja, na mwandishi anayetaka kuyaoanisha lazima atafute hila. Hila zilizotumika hapa zinafaa kuchambuliwa, kwa sababu ukizielewa utajua pia kwa nini filamu nyingine za namna hii zinachosha.

Kila wiki, sifuri

Bila tamthilia yenyewe filamu haieleweki. The Inbetweeners ilianza kurushwa Mei 2008 kwenye E4, chaneli dada ya Channel 4, ikamalizika Oktoba 2010: misimu mitatu, kila msimu sehemu sita. Waandishi ni Damon Beesley na Iain Morris. Kisa kinaanza pale Will McKenzie, anayeigizwa na Simon Bird, anapohamishwa kutoka shule binafsi na kupelekwa Rudge Park, shule ya serikali ya kitongojini, baada ya wazazi wake kuachana. Siku ya kwanza anatinga na mkoba wa kiofisi mkononi, na kuanzia hapo jina lake limeshaharibika. Anaangukia kwa wavulana watatu ambao hawakumtaka. Simon Cooper (Joe Thomas) amempenda Carli tangu utotoni na hajui afanyeje na penzi hilo. Jay Cartwright (James Buckley) ameshawapata wasichana wote wa dunia, kwa maneno yake mwenyewe. Neil Sutherland (Blake Harrison) ni mzito wa kuelewa, mpole, na mwenye raha zake. Hawamo katika kundi la wanaohusudiwa shuleni, wala si wale wa mwisho kabisa wanaoonewa huruma. Wako katikati, mahali ambapo hakuna anayekutazama mpaka uharibu.

Kila sehemu ina dakika kama 25 na mwendo wake ni ule ule. Jay anatoa uongo wenye ahadi: kuna sherehe, kuna wasichana, kuna mtu anayemjua mlangoni. Simon anashawishika kwa sababu ya Carli. Will anapinga kwa hotuba ndefu, kisha anakwenda. Neil anakwenda kwa sababu wengine wanakwenda. Jambo linaanza vizuri kwa dakika chache, linaharibika, wanaaibika mbele ya watu wale wale waliotaka kuwapendeza, na hadithi inafungwa. Wiki inayofuata hakuna aliyejifunza. Jay anaongopa kama jana, nao wanamwamini kama jana.

Wahakiki wengine huona huo ni upungufu. Mimi naona ndiyo kazi yenyewe. Mtu anayewasha runinga kumfuata Jay anamtaka Jay anayemjua. Siku Jay atakapoanza kusema ukweli, mtazamaji huyo atakuwa amepoteza rafiki. Mwandishi wa tamthilia ya vichekesho anaunda watu wenye kasoro isiyotibika, kisha anawafungia mahali pamoja. Shule ni kifungo kizuri kuliko vyote, kwani hakuna anayeruhusiwa kutoka.

Katika misimu yote mitatu kilichobeba kumbukumbu ni kitu kimoja tu: gari la Simon, Fiat Cinquecento ya njano. Mapema katika msimu wa kwanza linang'olewa mlango, likawekewa mwingine mwekundu, na mlango huo mwekundu ukabaki. Katika sehemu ya mwisho ya tamthilia gari lenyewe linaishia ziwani. Kwa hiyo kwa miaka mitatu aliyepata maisha yenye mwanzo, kati na mwisho alikuwa gari.

Dakika 97 zinadai nini

Filamu ina dakika 97, sawa na sehemu karibu nne za tamthilia zikiunganishwa. Kishawishi cha kwanza cha watayarishaji huwa ndicho hicho: kuunganisha. Chukua visa vinne, vitie chini ya jina moja, ongeza muziki. Matokeo yake mtazamaji anacheka vizuri kwa nusu saa kisha anaanza kujigeuzageuza kitini, bila kujua kinachomsumbua. Kinachomsumbua ni kwamba hakuna swali lililoachwa wazi. Katika dakika 25 utani unatosha kukubeba. Katika saa moja na nusu unahitaji jambo unalotaka kujua litaishaje.

Beesley na Morris, pamoja na mwongozaji Ben Palmer ambaye alikwisha kuongoza vipindi vya tamthilia hiyo, walilitatua hilo kwa kuwanyang'anya wavulana vitu vyao mapema. Shule imekwisha. Mwalimu Gilbert, anayeigizwa na Greg Davies, anawaaga wanafunzi kwa maneno yasiyo na chembe ya upendo. Carli anamwacha Simon. Jay anafiwa na babu yake. Baba yake Will anamwarifu mwanawe kwamba ameoa tena, na mke ni kijana. (Baba huyo anaigizwa na Anthony Head, ambaye katika maisha ya kweli ni baba wa Emily Head, yaani Carli. Ni jambo dogo lisilo na athari yoyote kwenye hadithi, lakini ukishalijua huwezi kulisahau.) Ndani ya dakika chache za mwanzo watatu kati yao wamepokonywa kitu kilichokuwa kikiwazuia kukua: penzi la utotoni, mtu wa ukoo, ndoto kwamba wazazi watarudiana. Ndipo wanapoamua kwenda Malia, katika kisiwa cha Krete, Ugiriki, kwa likizo ya wavulana watupu.

Usiku wa kwanza wanaingia baa isiyo na watu na kuwakuta wasichana wanne: Alison, Lucy, Lisa na Jane. Kuanzia hapo wavulana wote isipokuwa Neil wana mtihani wao, na mitihani imetungwa ilingane na kasoro ya kila mmoja. Simon anaoneshwa Lucy, msichana anayempenda, huku Carli naye yuko kisiwani. Jay anajikuta anampenda Jane, lakini Jane ni mnene na Jay anaogopa kuchekwa, hasa na James, kijana mtanashati wa vilabu ambaye Jay angependa kuwa kama yeye. Will anapaswa kuwa na Alison bila kumhutubia.

Tukio linaloonesha vizuri kuliko yote namna mambo mawili yasiyopatana yalivyopatanishwa ni lile la sherehe ya kwenye boti. Simon amefika kule alikotaka kufika kwa misimu mitatu: Carli anambusu. Papo hapo anagundua kwamba Carli anamtumia kumtia wivu mwanamume mwingine. Katika filamu ya kawaida ya ujana kijana angesimama, angesema neno la busara, angeondoka kichwa juu. Simon anajitupa baharini aogelee hadi ufukweni kwa Lucy, anaishiwa nguvu, na inabidi aopolewe nusura azame. Uamuzi wake ni wa mtu aliyekua. Utekelezaji wake ni wa yule yule Simon wa Rudge Park.

Hiyo ndiyo hila kuu ya filamu nzima. Waandishi hawakuwabadilisha wavulana tabia; waliwabadilishia kitu kimoja tu, yaani kile wanachokitaka. Jay naye ni vivyo hivyo: anapoacha kumwogopa James, hamwadhibu kwa maneno ya kiungwana bali kwa mzaha mchafu ambao sitauelezea hapa, kisha anambusu Jane hadharani. Mchafu wa jana ni mchafu wa leo, ila leo uchafu wake una upande uliosimama nao.

Neil hakupewa somo lolote, na nadhani walifanya makusudi. Yeye alikuwa na furaha tangu mwanzo. Filamu ambayo kila mtu ndani yake anajifunza jambo huanza kunukia darasa. Neil anazuia harufu hiyo.

Kwa nini lazima wasafiri

Ukizipanga filamu zilizotokana na tamthilia za vichekesho utaona kitu cha ajabu: karibu wahusika wote wanapanda ndege, meli au basi. Uingereza imekuwa na desturi hiyo tangu miaka ya 1970. Hammer, kampuni iliyojulikana kwa filamu za kutisha, ilitengeneza On the Buses mwaka 1971 kutokana na tamthilia ya kituo cha ITV, ikavuna fedha nyingi, na kufikia 1973 madereva wale wale walikuwa wamepelekwa kambi ya mapumziko katika Holiday on the Buses. Mwaka 1977 wauza duka wa tamthilia ya Are You Being Served? walifungasha wote wakaenda Hispania. Mr. Bean alipelekwa Los Angeles mwaka 1997 na Ufaransa mwaka 2007. Mwaka 2000 Kevin na Perry, vijana waliozaliwa kwenye vichekesho vya runinga vya mchekeshaji Harry Enfield, walikwenda Ibiza kutafuta mambo yale yale ambayo Will na wenzake wangeyatafuta Krete miaka 11 baadaye. Marekani nako Disney ilimpeleka Lizzie McGuire, msichana wa tamthilia yake ya watoto, Roma mwaka 2003.

Sababu ya kwanza ni ya macho. Skrini pana inadai mandhari, na mtu hawezi kuombwa alipie sebule aliyoizoea bure nyumbani. Sababu ya pili ni ya wageni: mtazamaji ambaye hajawahi kuona tamthilia anafika mahali papya pamoja na wahusika, kwa hiyo hahisi ameachwa nyuma. Ya tatu ndiyo muhimu kwa filamu ya ujana. Likizo ina tarehe ya kurudi. Tamthilia haina mwisho unaojulikana, ila tiketi ya ndege ina siku iliyoandikwa, na siku hiyo inalazimisha kila jambo litokee kabla ya kwisha. Zaidi ya hapo, wazazi na walimu hawapo. Wahenga walisema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mwandishi wa filamu ya aina hii anachagua tu ulimwengu huo uwe ufukwe gani.

Lakini safari hiyo hiyo imeua filamu nyingi. Ukimtoa mhusika mahali pake umemtoa pia kwenye chanzo cha vichekesho vyake. Madereva wa basi wanachekesha kwa sababu ya ratiba, ukaguzi na bosi anayewachukia. Wapeleke ufukweni na watabaki watu wazima wanaopiga kelele kwenye jua. The Inbetweeners Movie ilikwepa shimo hilo kwa kuijenga upya shule ndani ya likizo. James anachukua nafasi ya mbabe wa darasa. Hoteli yao mbovu ni Rudge Park yenye mchanga. Kuna ngazi ile ile ya wanaotakiwa na wasiotakiwa, sherehe ile ile ambayo wao hawana tiketi yake. Hata fulana za kikundi walizochapisha, zenye maneno ya kujisifu wasiyoyastahili, ni sare ya shule kwa jina jingine. Na kama unataka kujua, ufukwe mwingi unaouona si Ugiriki: sehemu kubwa ilipigwa Magaluf, kisiwani Mallorca, Hispania.

Malia na Magaluf hazikuchaguliwa kwa bahati nasibu. Kwa vijana wa Uingereza waliomaliza mitihani ya mwisho ya sekondari, likizo ya bei nafuu katika miji kama hiyo imekuwa kama jando lisilo na mzee wa kuliongoza: mara ya kwanza kusafiri bila wazazi, mara ya kwanza kujipangia fedha na kuishiwa. Filamu ilitolewa tarehe 17 Agosti 2011, na matokeo ya mitihani hiyo yakatoka kesho yake. Maelfu ya watu waliokuwa wakisubiri kujua maisha yao yanaelekea wapi walikuwa huru jioni ile, na ukumbini kulikuwa na hadithi ya wenzao walio katika wiki hizo hizo. Soko gani lingepangwa vizuri zaidi?

Saa inayokimbia nyuma ya kamera

Kuna ugumu mwingine ambao mtazamaji hauoni mpaka auambiwe: waigizaji wa hadithi za vijana huzeeka. Polisi au daktari wa runinga anaweza kuigizwa na mtu yule yule kwa miaka 15. Mwanafunzi hawezi. Filamu ilipotoka Simon Bird alikuwa na umri wa miaka 26, Joe Thomas 27, na wote wawili wanaigiza vijana wa miaka 18. Ndiyo maana pengo kati ya mwisho wa tamthilia na filamu lilikuwa chini ya mwaka mmoja. Wangesubiri miaka mitatu, wavulana hao wangehitaji kueleza kwa nini bado wako shule.

Disney ilikumbana na saa hiyo kwa njia yake. Chaneli yake ya watoto ilikuwa na mazoea ya kusimamisha tamthilia zikifika sehemu 65, na Lizzie McGuire, iliyoanza mwaka 2001, ilifika hapo. Filamu ikawa ndiyo njia ya kumfunga mhusika: Lizzie, aliyeigizwa na Hilary Duff, anamaliza darasa la nane, anakwenda Roma, anafananishwa na mwimbaji maarufu wa huko, na mwishoni anambusu Gordo, rafiki ambaye watazamaji walimngojea miaka yote. Kwa kipimo cha vichekesho ni filamu laini kupita kiasi, naona, lakini inafanya jambo ambalo The Inbetweeners haikuthubutu: inamwacha msichana akiwa mtu mwingine kidogo na mtazamaji hana haja ya kurudi. Ilitengenezwa kwa dola milioni 17 ikaingiza zaidi ya dola milioni 55. Mpango wa kumwendeleza Lizzie sekondari ya juu ulivunjika baada ya mazungumzo na Duff kushindikana.

Mvutano huo ulirudi miaka mingi baadaye. Mwaka 2019 Disney ilitangaza tamthilia mpya ya Lizzie akiwa na umri wa miaka 30. Vipande vichache vilipigwa, kisha kazi ikasimama. Duff alisema wazi kwamba anataka maisha ya mwanamke wa umri huo yaoneshwe kama yalivyo, akaomba tamthilia ihamishiwe Hulu, huduma ya kutazama vipindi mtandaoni, ambako masharti kuhusu maudhui ya watu wazima ni mapana. Desemba 2020 mradi ukafutwa. Kampuni ilimtaka Lizzie arudi. Ilichogoma ni Lizzie aliyekua. Sijui mfano ulio bora kuliko huo wa ugumu ninaouzungumzia.

Kuna njia ya tatu, nayo ilikuja mwaka 2012. Tamthilia ya Kimarekani ya 21 Jump Street ilirushwa kati ya 1987 na 1991, mwanzoni na kituo cha Fox, ikamtambulisha Johnny Depp. Haikuwa vichekesho hata kidogo: polisi wenye sura za kitoto wanajifanya wanafunzi ili wapeleleze uhalifu shuleni. Waongozaji Phil Lord na Christopher Miller waliichukua wakaigeuza. Katika filamu yao watu wazima wawili wanarudishwa shule, na yule aliyekuwa maarufu zamani anakuta zama zimemgeuka, huku aliyekuwa akichekwa ndiye anayependwa. Hapo tatizo la umri wa waigizaji linageuka utani wenyewe. Filamu hata inajicheka yenyewe: mkuu wa polisi anawaeleza kwamba wakubwa hawana mawazo mapya, wanachofanya ni kuchukua mambo ya zamani na kutaraji hakuna atakayegundua. Iliingiza takriban dola milioni 200 duniani. Ni filamu ya ujana inayowahusu watu ambao ujana wao ulishapita, na huenda ndiyo maana haina hofu ya kuwabadilisha: hakuna wiki ijayo ya kuilinda.

Kilichosafiri na kilichobaki

Mafanikio ya Uingereza hayakuvuka bahari. Marekani filamu ya wavulana wa Rudge Park ilioneshwa mwaka 2012 katika kumbi chache mno na haikuacha alama. Mwaka huo huo MTV ilitoa toleo la Kimarekani la tamthilia, likafutwa baada ya sehemu 12.

Wengi husema Wamarekani hawaelewi utani wa Kiingereza, jibu la kivivu kwa sababu Mr. Bean aliwaelea bila shida. Nadhani tofauti iko kwenye aibu. Hadithi ya shule ya Kimarekani mara nyingi inamtaka mnyonge ashinde mwishoni, hata ikiwa ni kwa kuchelewa. Rudge Park haina ushindi; ina kunusurika. Will ana hotuba nzuri kuliko mtu yeyote pale shuleni na hazijamsaidia hata mara moja. Ukimtengeneza upya kwa watazamaji wanaongoja ushindi, itabidi ama umpe, na hapo si Will tena, ama umnyime, nao waondoke wakiwa wamenuna.

Kitu kingine kisichosafiri ni sauti ya Will. Katika tamthilia na katika filamu yeye ndiye msimulizi, na anasimulia kwa lugha ya mtu aliyesoma sana akieleza mambo ya kijinga kabisa. Nusu ya vichekesho iko kwenye pengo kati ya sentensi yake iliyonyooka na picha iliyopinda. Pengo hilo limejaa alama za tabaka: matamshi yake, shule aliyotoka, mkoba ule. Mwingereza anazisoma alama hizo kabla hajafikiri. Mtazamaji wa mbali anaona tu kijana mwenye miwani anayeongea sana.

Sasa tuangalie kilichotokea baada ya fedha kuingia. Filamu ya kwanza ilifungwa kama inavyostahili: wavulana wanarudi nyumbani na wasichana wao, wazazi wanawapokea uwanja wa ndege, kila mtu amefika mahali. Ukiisha hivyo umeisha. Lakini pauni milioni 45 hazimwachi mtu alale, na Agosti 2014 ikaja The Inbetweeners 2, safari hii ikiongozwa na Beesley na Morris wenyewe. Wangefanyaje? Wahusika walishakua.

Walifuta. Simon, aliyekaribia kuzama kwa ajili ya Lucy, sasa anateseka chuoni Sheffield kwa sababu Lucy amegeuka mpenzi wa kutisha. Will yuko Bristol, peke yake, anachukiwa na wenzake. Jane amemwacha Jay, naye Jay yuko Australia akituma habari kwamba ni didjei mkubwa Sydney, kumbe anafanya kazi ya msalani katika klabu. Kila kilichopatikana Malia kilirudishwa dukani, wavulana wakawa tena hawana kitu, na mtambo ukawashwa upya. Vichekesho vya filamu hiyo ni vikali, vingine kuliko vya ile ya kwanza, na iliingiza zaidi ya pauni milioni 30 Uingereza. Lucy ndiye aliyelipa gharama: msichana aliyekuwa na akili zake katika filamu ya kwanza alifanywa katuni ili Simon awe huru kuaibika tena. Sidhani hilo lilikuwa la haki kwa mhusika wala kwa Tamla Kari anayemwigiza, ingawa naelewa kwa nini waandishi hawakuwa na mlango mwingine.

Tarehe 1 Januari 2019 Channel 4 ilirusha kipindi cha kumbukumbu kilichowakusanya waigizaji wanne studioni, mchekeshaji Jimmy Carr akiwa mwenyeji. Mashabiki walilalamika sana mitandaoni, na malalamiko yalilenga utani wa mwenyeji na mpangilio wa kipindi. Kwa maoni yangu kipindi hicho kisingefaulu hata kingepangwa na malaika. Watu walifungua runinga wakimtarajia Jay, wakamkuta James Buckley, mwanamume wa miaka 31 mwenye mke na watoto, akieleza kwa adabu jinsi ilivyokuwa kufanya kazi hiyo.